Firigisi ya Krismasi

Kila tunapofunga shule kabla ya likizo ya Krismasi, wazazi huja kutushukuru sisi walimu. Huyu ataleta ndizi, yule unga wa wimbi, na safari hii mama mmoja alikuja na jogoo mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kitambaa. Akanitia jogoo mikononi, akasema ni wangu, maana mtoto wake sasa anajua kusoma. Nilitakiwa kusema asante, basi, yaishe. Badala yake nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake, nausikia moyo wa yule jogoo ukipiga kwenye kiganja changu, mpaka mwalimu mwenzangu akanipokonya huku akicheka. Sasa ofisini naitwa mwalimu anayeogopa kuku. Wacha waniite.

Kijana wa jirani alinichinjia. Nilipommwagia jogoo maji ya moto, ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni nalia, mtu mzima mwenye miwani. Mama yangu tulimzika mwaka huu, na labda ndiyo maana. Lakini harufu ile kwangu ina siku yake moja, nayo ni Krismasi ya Kawangware, mwaka aliofariki baba.

Tulikuwa tukiishi kwenye ploti ya udongo na mabati, si mbali na steji ya matatu za 46. Vyumba vilipangwa mistari miwili ikitazamana, na katikati ulipita mfereji wa maji machafu ambao sisi watoto tuliuruka mchana kutwa. Baba alikuwa kibarua wa mjengo. Alianza kwa kukohoa, akaendelea kukohoa, na mwisho tukamsafirisha kwao Bungoma akiwa ndani ya sanduku. Baada ya matanga, watu wa kwao walidhani mama atabaki huko kama wajane wengine wanavyobaki. Hakubaki. Alinishika mimi mkono, akambeba ndugu yangu mdogo Wekesa mgongoni, akarudi Nairobi, akapata kibarua cha kufua nguo za watu Lavington. Alitoka asubuhi kwa miguu na kurudi jioni vidole vimekunjamana kwa sabuni.

Shuleni nilikuta nafasi yangu imepewa mtoto mwingine. Nilikaa nyumbani nikimlea Wekesa, na kusema kweli sikuona ubaya wowote. Nilikuwa mtoto, na kucheza ni kucheza. Siku moja nikamwona Mwalimu Gathogo anauruka mfereji wetu na viatu vyake vilivyong'arishwa, baiskeli ameishika mkono mmoja. Alikuwa mwalimu wa darasa letu, mtu mrefu, mpole, mwenyeji wa Riruta Satellite ambako wazee wake walikuwa na mashamba yao tangu zamani. Alimuuliza mama kwa nini siji shule. Mama akamweleza. Yeye akasema ataona la kufanya, na kesho yake alizungumza na mwalimu mkuu mpaka nikarudishwa, nikabanwa dawati la mbele katikati ya wavulana wawili ambao hawakufurahi hata kidogo.

Halafu akawa anakuja. Jioni akitoka shule alipitia kwetu, akageuza debe, akakaa juu yake nje ya mlango, na kunifundisha yale niliyokosa. Mama alimkaribisha ndani kila mara. Kila mara alijibu kwamba hapo nje kuna mwanga mzuri. Jamani, mwanga gani, na moshi wa majiko ya ploti nzima ulikuwa ukituchoma macho! Mimi niliamini chumba chetu kinamnukia vibaya. Nikawa nafagia kabla hajafika, tena nachoma maganda ya chungwa kwenye jiko ili kunukie vizuri, na bado haingii. Iliniuma sana. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mwanamume mwenye mke wake, akitembelea mjane kwenye ploti yenye macho mengi namna ile, hukaa mahali ambapo kila mtu anamwona.

Mtu aliyeingia ndani bila kukaribishwa alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa baba aliyemfuata. Alikuwa soja, mlinzi wa geti mahali fulani, akiishi Kibera, na kila Jumapili alivuka kwa miguu kuja kutuona. Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Alituletea sukari na mkate. Alimpandisha Wekesa mabegani akazunguka naye ploti nzima akipiga mluzi, na Wekesa alikuwa akimsubiri tangu asubuhi. Lakini alikuwa na tabia moja. Akiingia tu, alitundika kofia yake kwenye msumari wa baba, ule uliokuwa juu ya kitanda, ambapo koti la baba lilikuwa likining'inia. Mama aliitoa ile kofia polepole, akaenda kuitundika kwenye msumari wa mlangoni, kisha akaendelea kupika. Jumapili iliyofuata, vilevile. Mimi niliona ni mchezo wao.

Ulikuwa mchezo, lakini si wa kuchekesha. Kwetu, mume akifa, nyumba haiachwi bila mwanamume. Ndugu yake huingia mahali pake, akawalea watoto kama wake. Baba Mdogo alikuwa na mke tayari huko nyumbani, na wazee walishamaliza kuzungumza. Kilichobaki ni mama kurudi Bungoma, alime shamba, aitwe mke wa Baba Mdogo. Na mimi ningerudi naye. Dawati la mbele, debe la Mwalimu Gathogo, yote hayo yangeishia hapo.

Krismasi ikakaribia. Wanaoijua Nairobi ya siku zile wanakumbuka jinsi ploti zilivyokuwa zikihamwa. Watu wa Magharibi na wa Nyanza walifunga magodoro, wakabeba mikate na mafuta ya kupikia, wakaenda kugombania basi la kwenda kwao, na milango ikabaki na makufuli. Sisi hatukufunga kitu. Baba Mdogo alikuja akamwambia mama kwamba angepewa ruhusa kazini baada ya sikukuu tu, kwa hiyo angekula Krismasi kwetu, halafu tungeondoka sote pamoja, na mizigo yote. Alikuja na jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa, mweusi mwenye madoa, alimfunga kwenye mguu wa meza akasema huyo ndiye wa kuagia Nairobi. Mama akamwangalia yule jogoo kwa muda, akasema ni mzuri.

Asubuhi ya sikukuu, tulipotoka kanisani, mama akanituma Satellite kwa Mwalimu Gathogo. Nimwambie mama anaomba aje kula nasi, anataka kumshukuru kabla mwaka haujaisha. Nilikimbia njia nzima. Nilimkuta na mkewe uani, wamezungukwa na jamaa zao, na nyama inachomwa. Nikafikiri atakataa. Alimtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kukubali, naye akavaa koti na kunifuata, mkate na pakiti ya majani ya chai vikining'inia kwenye usukani wa baiskeli.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kuku akipikwa, firigisi ina mwenyewe. Mwenyewe ni mwanamume wa nyumba. Watoto hawaigusi, mama haonji hata kidogo, na mgeni hapewi ovyo. Baba alipokuwa hai, aliletewa peke yake kwenye kisahani, naye alikuwa akimkatia Wekesa kipande kidogo na kumwambia asubiri, yake inakuja. Kwa hiyo mwanamke anayemwekea mwanamume firigisi anatamka jambo, na kila aliyeko pale analisikia. Tangu baba afe hatukuwa tumechinja kuku. Yule jogoo wa Baba Mdogo alikuwa wa kwanza.

Siku hiyo Mwalimu Gathogo aliingia ndani. Baba Mdogo alikuwepo, hivyo hapakuwa na la kusemwa. Nilifurahi mno hata nikasahau kumwonyesha kiti, akakaa kitandani. Baba Mdogo alikuwa kwenye kiti cha baba. Wanaume hao wawili walizungumza vizuri tu, habari za mvua, habari za kazi, na Baba Mdogo alimshukuru Mwalimu kwa kunifundisha, akasema hata nyumbani kuna shule nzuri, si mbali, ni mto mmoja tu wa kuvuka. Mwalimu akanitazama. Akasema ingekuwa vyema nimalize nilipoanzia. Baba Mdogo akacheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya watu wa nyumba.

Mama akaleta maji, wakanawa. Akaleta ugali. Akaleta sufuria ya kuku, akaiweka katikati. Halafu akarudi nyuma ya pazia, akatoka na kile kisahani. Sisi sote tulijua kilichomo. Wekesa alikuwa ameshajisogeza kwenye goti la Baba Mdogo, anasubiri kukatiwa. Mama akapita mbele ya Baba Mdogo, karibu sana hata nguo yake ikagusa goti lake, akapiga magoti, na kukiweka kisahani mbele ya Mwalimu Gathogo.

"Mwalimu, sina kingine," akasema. "Hii ndiyo asante yangu."

Nasikia mpaka leo mafuta yakichemka jikoni kwa Mama Akinyi, jirani yetu, ambaye naye hakuwa amesafiri. Mwalimu alikitazama kile kisahani muda mrefu. Nilidhani hajui ni nyama gani. Kisha akaichukua ile firigisi kwa mkono wa kulia, akaila polepole, yote, hakubakisha hata kipande, akamwambia mama asante sana, Mungu aibariki nyumba hii.

Baba Mdogo hakuwa amegusa ugali. Alinawa tena mikono, ile mikono safi, akamtoa Wekesa gotini na kusimama. Hakupandisha sauti. Wala sikuona hasira usoni mwake. Niliona kitu ambacho siku zile sikuwa na jina lake, na sasa najua ni aibu ya mtu aliyefedheheshwa kwa jogoo wake mwenyewe.

"Umenijibu, shemeji," akasema. "Nami nimesikia."

Akachukua kofia yake, akatoka. Siku hiyo alikuwa ameitundika mlangoni mwenyewe alipoingia.

Sasa nikuambie nilivyoelewa mimi. Nilielewa kwamba tumepata baba. Si mama amempa firigisi? Si ameila? Kwa akili yangu shauri lilikuwa limekwisha, Mwalimu Gathogo atahamia, baiskeli italala ndani. Mke wake sikumfikiria hata kidogo. Nilimwambia Wekesa, na Wekesa akauliza kama baba huyo anajua kupiga mluzi. Nikamwambia atajifunza.

Hakuja. Si wiki ile, si iliyofuata, wala shule zilipofunguliwa. Darasani alinifundisha kama alivyowafundisha wengine wote, alinisahihishia, alinisimamia mpaka nikamaliza mitihani ya mwisho, lakini kwenye ploti yetu hakukanyaga tena. Watu waliporudi kutoka nyumbani, Mama Akinyi alikuwa na habari ya kuwagawia, na mama akawa akifika bombani wenzake wananyamaza. Mimi nilimchukia Mwalimu Gathogo. Nilimwona mtu aliyekula kitu bora kuliko vyote nyumbani mwetu, akapangusa mdomo, akaenda zake. Nilisoma kwa bidii ili nimwonyeshe. Sijui nilitaka kumwonyesha nini.

Lakini nimeruka jambo, na nimeliruka kwa makusudi, kwa sababu kila nikilifikia mkono unakuwa mzito. Ilikuwa baada ya mwaka mpya, shule bado hazijafunguliwa. Baba Mdogo alikuja na wazee wawili kutoka nyumbani. Hawakukaa. Mmoja wao, mzee wa ukoo wa baba, akamwambia mama kwamba wao hawamlazimishi mtu. Mwanamke akichagua, amechagua. Mimi ningeweza kubaki naye, msichana ataolewa popote. Ila mvulana ni wa kwao, na mvulana halelewi na watu wasiojulikana.

Mama alisema Wekesa bado mdogo. Wakasema watoto hukua. Akasema atamleta mwenyewe, Pasaka. Wakamngoja. Nilimtazama, nikitegemea atafanya kitu, yeye ambaye alirudi Nairobi peke yake watu wote wakimkataza. Akaingia nyuma ya pazia, akafungasha nguo za Wekesa kwenye kitenge, akamfunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena. Wekesa alikuwa anacheka. Alidhani anaenda likizo kama wenzake wote walivyoenda. Alimuuliza Baba Mdogo kama atapanda ng'ombe, na Baba Mdogo akamwinua mabegani, akamwambia atapanda. Macho ya Baba Mdogo yalikuwa mekundu. Wakauruka mfereji wakaenda, na tulimsikia Wekesa mpaka kwenye kona, anajaribu kupiga mluzi.

Mama alimwona tena mara chache sana, na kila mara alikuwa mrefu zaidi na mgeni zaidi. Aliacha shule mapema akachunga ng'ombe, baadaye akakata miwa. Si mtu wa kinyongo. Tulipomzika mama alikuja, akachimba kaburi pamoja na wengine, akanisalimia kwa heshima, namna mtu anavyomsalimia mke wa ndugu yake. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Niliwahi kumuuliza mama, tayari nikiwa mwalimu, kwa nini alifanya vile. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Nilitaka kumshukuru yule mtu, na nilitaka shemeji ajue mimi sirudi," akasema. "Nikaona kitu kimoja kitatosha yote mawili. Sikufikiria Wekesa."

Aliendelea kuchambua mchele. Hatukulizungumza tena.

Watu hupenda kusema kwamba kushukuru hakuna gharama. Mimi mwenyewe nimewaambia watoto darasani, kila Krismasi ikikaribia, wakumbuke kusema asante, haigharimu kitu. Eti haigharimu. Mimi nimesoma, nimevaa viatu vizuri, naitwa Mwalimu, na aliyelipa alikuwa anajifunza mluzi.

Basi, nilipomaliza kulia pale kizingitini, nikaamua nitakwenda Satellite. Mwalimu Gathogo bado yuko hai, mzee sana sasa, na shamba la wazee wake limejaa nyumba za kupangisha. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimsalimia barabarani na kupita. Nilimkuta amekaa sebuleni na mkewe, blanketi magotini. Alinitambua mara moja. Nikampa habari ya mama, akavua kofia. Halafu nikamuuliza, maana nilikuwa nimekuja kwa hilo, kama siku ile alijua anakula nini.

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nikiuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Kazi ya ualimu nilianzia Bungoma, mtoto wangu," akasema. "Mzee niliyepanga kwake hakuwa akigusa ugali mpaka aletewe firigisi. Nilijua."

Mkewe akaguna, akasema mumewe alimwambia siku ile ile, na kwamba yeye alimnunia mpaka Pasaka. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwisha kusameheana zamani. Mwalimu akaendelea kunieleza, polepole, akipumzika katikati. Kama angeirudisha ile sahani, mama angebaki peke yake mbele ya yule mwanamume, amejieleza na hana pa kujificha. Kwa hiyo aliila. Na kwa kuwa ameila, hakuweza kurudi kwetu tena. Angerudi, maneno ya ploti yangekuwa kweli, jina la mama lingeharibika, na huenda mimi ningeondolewa shuleni. Akaona heri sisi tumwone hana shukrani. Alisema alijua namchukia. Alisema ilikuwa imeandikwa usoni mwangu, kila kipindi darasani.

Mama alikufa akiamini kwamba alimpa mtu kitu ambacho mtu huyo hakujua thamani yake. Nilitamani angesikia haya, hata kwa dakika moja.

Mkewe akaleta chai. Mwalimu akashika kikombe kwa mikono miwili, uso wake umetulia kabisa.

"Mimi nikipita pale 46 humshukuru Mungu," akasema. "Nasema, angalau yule mama alibaki na watoto wake wote wawili. Na yule mdogo aliyekuwa akikaa mlangoni tukisoma, Wekesa, yuko wapi siku hizi?"

Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nalo tangu utotoni, na kwa miaka mingi yeye ndiye niliyetaka kumtupia. Nikamtazama yule mzee na blanketi lake.

"Hajambo, Mwalimu," nikamwambia. "Anakusalimia sana."